Mwalimu, Umeanzia Chini Mno

Nilipokuwa BTP, yale mazoezi ya kufundisha ya chuo cha ualimu, nilipewa darasa la pili, kipindi cha mwisho mchana, watoto tisini na kitu, dawati moja wanne na wengine chini kwenye sakafu. Andalio la somo nilikuwa nalo safi kabisa, malengo mahususi yamekaa vizuri, zana ipo, manila nimeandika maneno ya wimbo kwa maka peni ya bluu na kiitikio kwa nyekundu. Nikasimama mbele, nikakohoa kidogo, nikaanzisha. Sasa mi kanisani naimba besi. Nikaanzisha kwa sauti yangu hiyohiyo ya besi, tena kwa kujiamini, na kilichotoka kwa wale watoto hadi leo nakikumbuka: wa mbele wakainamisha videvu wakawa wananguruma kama mashine ya kusaga, wa nyuma walipoona huko chini hawafiki wakaamua kupiga kelele tu, kila mmoja na toni yake, na katikati kuna kundi limekaa kimya linaniangalia. Nikawaambia, kwa aibu nasema, "Nyie hamjui kuimba!"

Baada ya kengele nikawa nimesimama mlangoni ofisini na kikombe changu cha chai, nikawasikia nje wanaruka kamba. Watoto walewale. Binti mmoja mdogo, ambaye darasani hakufungua mdomo, akaanzisha wimbo wa kamba na wenzie wote wakaingia papo hapo, toni moja, bila mtu kuhesabu moja mbili tatu, na walikuwa juu kuliko mimi, mbali sana.

Nilichukua miaka kadhaa kuelewa nilichokisikia siku ile. Watoto walikuwa wanajua kuimba vizuri tu, ila mwalimu alikuwa ameanzia mahali ambapo koo zao hazifiki. Ndo maana naandika haya, kwa sababu saivi mjadala wa muziki shule za msingi hapa Tanzania umekuwa mkubwa, mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 una somo linaitwa Sanaa na Michezo, na kila nikisikia walimu wakilalamika, malalamiko ni vifaa. Hatuna vinanda, hatuna ngoma, hatuna chumba cha muziki, hatuna mtaalamu. Ni kweli hatuna. Lakini mi naona tunalia na kitu cha tatu au cha nne wakati cha kwanza hakuna aliyekigusa, na hicho cha kwanza hakinunuliwi. Ni sikio la mwalimu. Mwalimu hajafundishwa kusikia.

Tuanze na hiyo toni maana ndo mzizi wenyewe. Mtoto wa miaka sita, saba, nane ana eneo dogo ambalo sauti yake inakaa bila shida. Ukienda kwenye kinanda ukatafuta ile C ya kati, ukapanda nota moja, basi kuanzia hapo (D) mpaka A iliyo juu yake, nota tano hivi, hapo ndo nyumbani kwake. Anaweza kupanda zaidi akizoea, kushuka sana chini ya hapo ni tabu. Mwanaume akiimba kawaida yuko oktevu nzima, yaani nota nane, chini ya mtoto, kwa hiyo mtoto anasikia wimbo lakini hajui aufuate wapi, ashuke huko chini kwa mwalimu au apande kwake, na mwenye sikio changa atajaribu kushuka. Hapo ndo yale manguruma yanatokea. Na mwalimu wa kike naye asijifariji, maana wengi tumezoea kuimba chini chini kwa uvivu, kifuani, sauti ileile ya kuongelea, na hiyo bado iko chini kwa mtoto.

Alafu mwalimu anasema nini? "Pazeni sauti!" Hii kauli imeharibu waimbaji wengi kuliko mafua. Mtoto aliyeambiwa apaze sauti wakati wimbo uko chini hawezi kufanya kingine zaidi ya kubweka, na akishabweka miaka miwili mitatu anaamini kuimba ndo kule, shingo imetoka mishipa. Nenda gwaride lolote la asubuhi usikilize wimbo wa taifa. Unaanzishwa na kiranja, sauti imevunjika, kaanzia popote pale, na ukifika kwenye nota za juu nusu ya shule inaacha kuimba inabaki kutikisa midomo. Watu wanadhani ni ukosefu wa uzalendo. Wapi, ni ukosefu wa toni ya kuanzia!

Na hapo kuna kitu kinanichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Melodi ya wimbo wetu wa taifa ilitungwa 1897 na mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, Enoch Sontonga, na alikuwa na daftari anaandika nyimbo zake kwa solfa, ile d, r, m ambayo kila mwanakwaya anaijua. Mwalimu wa watoto, na daftari la mazoezi. Jirani zetu Kenya ndo usiseme, wimbo wao wa taifa ulipoandaliwa 1963 kamati ilichukua melodi ya bembelezi la Wapokomo wa kule Tana, yaani wimbo wa mama kumlaza mtoto. Nchi mbili hizi zinasimama wima kwa heshima kwa melodi zilizoanzia kwa mwalimu na kwa mama, alafu mwalimu wa leo anakwambia muziki ni mambo ya wataalamu.

Solfa yenyewe pia ina historia ambayo chuoni hakuna aliyetuambia. Ilianzishwa Uingereza karne ya 19 na mwalimu mmoja mwanamke wa mji wa Norwich, Sarah Glover, akihangaika watoto waimbe bila kukwama kwenye nota za mistari mitano. Mchungaji John Curwen akaichukua kuanzia miaka ya 1840 akaipanga vizuri na baadae akaiongezea ishara za mkono. Wamisionari wakaibeba mpaka Afrika. Yaani kile kitu kilibuniwa kwa ajili ya watoto! Huku kwetu kikaishia kuwa mali ya kwaya za watu wazima, kimeandikwa kwenye makaratasi yaliyokunjwa ndani ya nyimbo za ibada, na mtoto wa darasa la tatu hajawahi kukiona.

Na ujanja mkubwa wa solfa ni kwamba do inahama. Haijafungwa kwenye nota yoyote. Unaiweka do pale unapotaka, alafu nyingine zote zinajipanga kutoka hapo. Maana yake ni hivi, mwalimu anayejua solfa ana dawa ya tatizo langu la BTP mfukoni: wimbo ukiwa chini anahamisha do juu, basi, kazi imeisha. Nilikuwa najua kuhamisha do kila Jumapili, mwalimu wa kwaya akisema "tupande kidogo, soprano wanazama" tunapanda. Jumatatu nikivaa shati la mikono mirefu nikaingia darasani nasahau kila kitu. Na siko peke yangu, nawajua walimu wengi tu ambao kwaya yao inajaza ukumbi, wanasoma solfa kama gazeti, ila ukiwapangia Sanaa na Michezo wanakuambia "mi muziki siujui jamani, mpangieni fulani." Ukiuliza wanamaanisha hawajui ile mistari mitano.

Hapo lawama naipeleka chuoni, na chuo siwezi kukitaja. Muziki tulifundishwa ubaoni. Mkufunzi alichora mistari mitano, akachora ufunguo wa G uliokaa kama sikio la mtu, akatuandikia majina ya nota, nota nzima, nusu, robo, tukanakili. Kwenye mtihani tukaulizwa taja aina za nota, eleza umuhimu wa muziki kwa mtoto wa shule ya msingi, toa hoja tano. Nilitoa hoja tano nikapata alama nzuri. Muhula mzima hatukuimba hata wimbo mmoja, na hakuna aliyesimama mbele ya wenzie akafundisha wimbo wakamwambia hapa umekosea. Ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea kwa kumkaririsha majina ya samaki. Ukitoka hapo ukifika kazini unafanya nini? Unafanya ulichofanyiwa, unaandika maneno ya wimbo ubaoni, unasema "andikeni", darasa la kwanza wananakili dakika ishirini kitu wasichoweza kusoma, kengele inalia hawajaimba.

Wimbo haufundishwi hivyo, na hili hata bibi zetu wanalijua. Bibi hakukuandikia. Aliimba, ukasikia, akaimba tena, ukaingia. Ukitaka kuufanya darasani una hatua zake na siyo nyingi. Kwanza wewe mwalimu uimbe wimbo mzima, mara mbili mara tatu, wao wakiwa kimya lakini wana kazi ya kufanya, mfano wahesabu umetaja jina la mnyama mara ngapi, au wapige mapigo kwa vidole viwili kwenye kiganja. Masikio yanakula kwanza. Alafu unakata mstari mmoja, unaimba, unawapa ishara, wanarudisha. Na hapa ndo penye kosa ambalo mi binafsi lilinichukua muda mrefu kuliacha: wao wakirudisha, wewe nyamaza. Nyamaza kabisa. Mwalimu anayeimba pamoja na watoto kwa sauti kubwa anajisikia yeye mwenyewe, anatoka pale anadhani wameelewa kumbe walikuwa wanapanda lifti kwenye sauti yake. Ukinyamaza utasikia mstari wa pili unateleza wapi, utasikia neno gani wanalimeza, utasikia kale katoto ka pembeni kana sikio la ajabu kuliko wote. Kamati kuu ya kazi yetu inakaa hapo kwenye kunyamaza.

Kosa usiliache likalala, maana wimbo unahifadhi makosa vilevile unavyohifadhi ukweli. Wenye watoto kwenye shule za mchepuo wa Kiingereza wanajua, mtoto anaimba alfabeti yao, ikifika pale L M N O P inapita kwa kasi, anakuja nyumbani anaamini "elemenopi" ni herufi moja. Melodi imekimbia, herufi tano zimekuwa moja. Na hiyo inanipeleka kwenye jambo ambalo nadhani limepuuzwa zaidi ya yote, nyimbo za kutafsiri.

Kiswahili kina mkazo wake, silabi ya pili kutoka mwisho. Huo ndo mwendo wa lugha yetu, mtoTO hatusemi, tunasema mTOto, waTOto, mwaLImu. Ukihamisha mkazo unaweza kuhamisha na maana, baraBAra ni njia ya magari na baRAbara ni sawasawa kabisa, herufi ni zilezile. Sasa melodi nyingi za watoto za Kiingereza mstari unafungwa kwa silabi nzito, pigo la mwisho linatua kwa nguvu. Neno la Kiswahili linaisha kwa silabi nyepesi. Ukichukua melodi ile ukamwaga maneno yetu bila kufikiria, pigo zito linatua mwisho wa neno na watoto wanaimba watoTO, shuleNI, kitaBU. Darasa la kwanza! Mtoto ambaye nyumbani anaongea Kisukuma au Kihaya au Kimakonde na Kiswahili ndo kwanza anakiweka mdomoni, wewe unamfundisha kwa wimbo matamshi ambayo hakuna Mswahili anayeyatamka. Alafu tunashangaa mtoto anasoma kama roboti. Ukisikiliza nyimbo za michezo za watoto wenyewe, za kuruka kamba, za kupiga makofi wawili wawili, za kuzunguka kwenye duara mmoja katikati, hutokuta kosa hilo hata kidogo, pigo na mkazo vimelala kitanda kimoja. Watoto wametunga vizuri kuliko vitabu vyetu.

Huko Hungary kuna mtu anaitwa Zoltán Kodály, mtunzi mkubwa, amekufa 1967. Huyu kuanzia 1905 alikuwa anazunguka vijijini, kisha na mtunzi mwenzie Bartók, wanakusanya nyimbo za wakulima, na baadae alipoona nyimbo wanazofundishwa watoto mashuleni akakasirika kwelikweli, akashikilia kwamba mtoto aanze na nyimbo za lugha ya mama yake, aimbe kwanza kabla ya kugusa chombo chochote, na asome muziki kwa solfa na ishara za mkono. Ile ile ya Glover na Curwen! Mwaka 1950 ikafunguliwa shule ya msingi ya kuimba kwao kwenye mji wa Kecskemét, watoto wanaimba kila siku. Leo watu wanalipa hela kwenda kusoma njia ya Kodály. Sisemi tuige Hungary, nimemtaja kwa sababu ukiuangalia mkoba wake ndani kuna vitu viwili, nyimbo za watu wake na solfa, na vyote viwili sisi tunavyo tayari, kimoja uwanjani na kingine kwenye kabati la kwaya.

Hizo ishara za mkono nilianza kuzitumia kwa kubahatisha tu. Do ngumi usawa wa kiuno, mi kiganja kimelala bapa, so kiganja kimesimama ndani kinakutazama wewe. Nikaanza na so na mi pekee, maana huo mteremko mdogo mtoto anao tayari, msikilize anavyomwita mwenzie toka mtaa wa pili, jina lolote lile, linaanza juu linashuka hatua hiyohiyo. Mkono juu wanaimba so, mkono chini mi, wanafuata kama wanacheza, na baada ya siku chache unampa mtoto mmoja asimame mbele yeye ndo aoneshe. Darasa la watu tisini linatulia kuliko ukitumia fimbo, maana wote wanaangalia mkono.

Nimesema kutulia, ngoja nilalamike kidogo. Matumizi makubwa ya wimbo kwenye shule zetu ni ufagio. Kelele zimezidi, mwalimu anaanzisha wimbo, kelele zinafagiwa, somo la hesabu linaendelea. Au mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, ameingia, darasa linasimama linaimba wimbo wa kumkaribisha, maksi zimepatikana. Au wimbo ni gunia la kubebea mambo, viungo vya mwili, siku za wiki, usafi wa meno. Sina ugomvi na gunia, nami nalibeba, KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) bila nyimbo ni mateso, na kupiga makofi silabi kwa silabi kwa lugha kama yetu yenye silabi zilizo wazi ba be bi bo bu kunamsaidia mtoto asikie neno limekatikia wapi. Ila hakuna anayejali gunia limeshonwaje. Wimbo unafundisha kila kitu isipokuwa wimbo wenyewe.

Na tafadhali tuache kuuza muziki kwa hoja ya kuongeza akili. Kila semina kuna mtu atasimama aseme muziki wa Mozart unaongeza IQ. Ule utafiti wa 1993 ulifanywa kwa wanafunzi 36 wa chuo kikuu, siyo watoto wachanga, wakasikiliza dakika kumi, wakafanya vizuri kidogo kwenye maswali ya maumbo, na athari yenyewe ikaisha ndani ya dakika kumi na tano hivi. Basi. Watu wakauza kanda duniani kote. Mtoto afundishwe kuimba kwa sababu binadamu anaimba, msibani ataimba, harusini ataimba, na akiwa hajui atasimama nyuma maisha yake yote anasema "mi sina sauti" kwa sababu kuna mwalimu mmoja, nakumbuka shati nililovaa, alimwambia hamjui kuimba.

Jambo la mashindano nalo nalitazama kwa macho mawili. Kenya wana tamasha lao la muziki la shule tangu 1927, kubwa, la heshima, na limetoa wanamuziki. Sisi kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, kuna kwaya na ngoma pembeni ya mpira na riadha. Ni vizuri, watoto wanasafiri, wanapata sare. Lakini angalia inavyokuwa shuleni: wanachaguliwa thelathini wenye sauti, wanatolewa darasani wiki nzima wanakaririshwa wimbo mmoja wa kusifia, na waliobaki mia nane hawaimbi kabisa. Tumepata kombe, hatujafundisha muziki. Mwalimu mkuu akiulizwa kuhusu muziki shuleni kwake anaonesha kombe kwenye kabati, limeshika vumbi.

Na Nyerere alishaliuliza hili swali, kwenye hotuba yake ya Desemba 1962 alipounda wizara ya utamaduni. Aliuliza ni wangapi kati yao walifundishwa shuleni nyimbo za Wanyamwezi au za Wahehe, wakati nyimbo za wazungu walifundishwa. Zaidi ya miaka sitini imepita. Ningependa kusema tumejibu. Ukweli ni kwamba tumebadilisha tu Mzungu, saivi kuna spika ndogo ya kuchaji na fleshi iliyojaa katuni zinaimba kwa lafudhi ya Marekani, mwalimu anawasha anakaa anasahihisha madaftari. Spika haisikii mtoto akikosea. Spika haihamishi do.

Kurudi kwenye nyimbo za wenyeji kuna mtego wake lakini, siyo kila kitu kinaingia kwenye do re mi ya kinanda. Chukua Wagogo wa Dodoma, sauti zao zimepangwa kwa nota tano zinazofuata mlio wa asili wa uzi na wa koo, ukimsikiliza marehemu Hukwe Zawose, yule mzee wa ilimba, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, aliyefundisha chuo cha sanaa Bagamoyo na kufariki 2003, utasikia nota ambayo kinanda hakina, iko katikati ya vibonye. Mwalimu mgeni kutoka Kilimanjaro akipangiwa Chamwino, hukohuko Dodoma, akaja na kinanda chake atawasahihisha watoto wa Kigogo ambao hawajakosea. Ndo maana nasema sikio kwanza. Mwite mama mmoja kijijini aje aimbe, wewe kaa na watoto ujifunze. Na kwenye shule ambazo wazazi hawataki ngoma wala kinanda kwa sababu za dini, mbona mlango upo? Watoto wanaotoka madrasa wana masikio yaliyonolewa hasa, wameshinda mwaka mzima wanarekebishwa urefu wa irabu na ustadhi asiyekubali uzembe, wana kaswida, wana dufu. Waulize wao wanaanzishaje.

Vitu vingine ni vidogo navitaja haraka. Kuta za madarasa yetu hazifiki juu, ukiimba jirani yako anayefundisha hesabu atakuchukia, nenda chini ya mwembe. Watoto tisini wagawe matatu, kundi moja linaanzisha, moja linaitikia, moja linashika mapigo kwa miguu, alafu badilishana. Kayamba za vizibo vya soda zinatosha. Mwalimu wa kiume, jifunze kuimba kwa sauti nyembamba, watacheka siku ya kwanza, ya pili wamezoea. Kwenye simu yako kuna programu ya kinanda ya bure, bonyeza nota kabla hujafungua mdomo.

Mchakamchaka niliuacha makusudi mpaka hapa maana ndo kipindi bora cha muziki kuwahi kutokea Tanzania na hakuna aliyekiita hivyo. Saa kumi na mbili na nusu alfajiri, umande, miguu inashika pigo haikosei, mmoja anaita shule nzima inaitika, mwenye pumzi anapokea kwa aliyechoka, wimbo ukienda kasi miguu inaenda kasi. Mtoto anajua tofauti ya pigo na maneno kwa mwili wake, kitu ambacho chuoni tulikiandika kama tafsiri ya istilahi. Shule nyingi saivi umekufa au umebaki wa kufagia uwanja, na ulikuwa hauna zana hata moja.

Darasani kwangu siku hizi sianzishi mimi. Namwita mtoto, kila wiki mwingine, nasema tuanzishie, anaangalia dari kidogo, anatoa toni yake, mi naipokea nikiwa juu huko kwenye sauti nyembamba besi mzima, wanacheka, tunaenda. Mara moja moja anakuwa amekosea naye, ameanzia juu mno, tukifika kwenye kiitikio tunakwama wote, basi tunasimama, namuuliza tufanyeje, anasema "tushuke ticha." Tunashuka, tunaanza upya.

Mimi ningekuwa mthibiti ubora, nikija kukagua somo hili andalio ningeliacha mezani nilisome baadae. Ningekaa dawati la nyuma kabisa na wale wanne, nikafumba macho.